Tasnifu, Rekodi na Wenye Maneno: Tahakiki ya Uwasilishaji wa Tasnifu za Kiswahili Mtandaoni kwa Mifano ya Ukerewe na Mwanza

IKISIRI

Makala haya yanahakiki hatua ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ya kiofisi tu: kuwasilisha tasnifu katika mkusanyiko wa mtandaoni wa maktaba ya chuo. Hoja kuu ni kwamba rekodi inayojazwa siku hiyo, yaani anwani, ikisiri, maneno msingi, lugha na majina ya wachangiaji, ni tahakiki ya kwanza ya kazi, kwa kuwa ndiyo inayoamua kazi hiyo itapatikana na nani. Kwa kutumia mfano wa mswada wa Aniceti Kitereza na tasnifu mbili za Euphrase Kezilahabi, wote wa Ukerewe, makala yanaonesha kwamba kuhifadhi na kufikisha ni mambo mawili tofauti. Makala yanapendekeza kwamba tasnifu za Kiswahili zinazotokana na Kanda ya Ziwa zitaje katika rekodi zake mahali, lugha na watu waliotoa maneno yaliyochambuliwa.

Maneno msingi: tasnifu, rekodi, viambatisho, Ukerewe, Mwanza, Kikerewe, Kisukuma, Kitereza, Kezilahabi

1.0 Utangulizi

Mtahiniwa wa uzamili au uzamivu akishatetea tasnifu yake na kufanya marekebisho aliyoagizwa, hubakiwa na kazi moja ndogo. Hukabidhi nakala zilizojalidiwa, na pamoja nazo nakala laini kwa ajili ya mkusanyiko wa mtandaoni wa maktaba. Hapo hukutana na fomu yenye visanduku: anwani, jina la mwandishi, mwaka, ikisiri, maneno msingi, lugha. Fomu hiyo hujazwa na mtahiniwa aliyechoka, au na mtumishi wa maktaba ambaye hana nafasi ya kusoma kurasa 200 ili ajue zinahusu nini. Msimamizi aliyebishana na mwanafunzi wake juu ya kila aya ya sura ya nne mara nyingi haioni fomu hiyo kabisa.

Makala haya yanashikilia kwamba fomu hiyo inastahili jicho la mhakiki wa fasihi. Mhakiki humwambia msomaji kazi inahusu nini, inatoka wapi, inazungumza kwa sauti ya nani na kwa nini isomwe. Rekodi ya maktaba hufanya kazi hizo hizo kwa maneno machache, na humfikia msomaji kabla ya tahakiki nyingine yoyote. Rekodi ikikosea, msomaji hapotoshwi tu kuhusu kazi. Hafiki kwenye kazi yenyewe.

Mifano ya makala haya inatoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hili limetoa waandishi wawili ambao historia ya maandiko yao inaonesha tatizo hili waziwazi. Pili, ni eneo ambalo watafiti wengi wa Kiswahili huchota data zao kutoka lugha nyingine, hasa Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikara na Kizinza, kisha wakaziandika kwa Kiswahili. Katika mchakato huo wenye maneno hupungua hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho ya kupungua kwao ni rekodi.

2.0 Rekodi kama tahakiki ya kwanza

Programu mbili zinazotumiwa sana na maktaba za vyuo kuendesha mikusanyiko ya aina hii ni EPrints, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT kikishirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Zote mbili zinaweza kueleza kila kazi kwa kufuata mfumo uitwao Dublin Core, uliopata jina lake kutokana na mkutano uliofanyika mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani. Mfumo huo wa msingi una vipengele 15. Miongoni mwake ni anwani, mtunzi, mada, maelezo, mchangiaji, tarehe, lugha, eneo au kipindi kinachohusika, na haki.

Vipengele vitatu kati ya hivyo vina uzito wa pekee kwa mjadala huu. Cha kwanza ni lugha. Fomu ikiwa imeandaliwa kwa Kiingereza, na mwasilishaji asipobadilisha chaguo alilolikuta, tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili kuanzia jalada hadi kiambatisho cha mwisho itaorodheshwa kuwa ya Kiingereza. Anayechuja matokeo ili apate kazi za Kiswahili pekee hataiona. Kipengele hiki kinaweza pia kujazwa zaidi ya mara moja. Kikerewe kina alama yake ya kimataifa, ked, kama Kisukuma kilivyo na suk. Tasnifu ya Kiswahili yenye nyimbo 40 za Kisukuma ina lugha mbili, na rekodi yake inaweza kusema hivyo.

Cha pili ni eneo. Kisanduku hiki kipo katika mfumo, lakini mara nyingi huachwa wazi, au hujazwa neno Tanzania ambalo halimsaidii mtu yeyote aliyeko Tanzania. Cha tatu ni mchangiaji. Hapa huandikwa msimamizi, kama kuna kinachoandikwa. Mfumo wenyewe hauzuii majina mengine; unaruhusu kuorodhesha kila mtu aliyechangia kazi kuwapo. Tutarejea kwenye kisanduku hiki katika sehemu ya sita.

Jambo jingine linahusu faili. Tasnifu iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kutoka nakala ya karatasi huonekana vizuri machoni, lakini mtambo wa kutafuta hauoni maneno ndani yake isipokuwa yametambuliwa na programu maalumu ya kusoma herufi. Kwa faili kama hilo, rekodi ndiyo maandishi pekee yanayoweza kutafutwa. Mwalimu wa sekondari aliyeko Nansio, anayetafuta kwa simu yake nyimbo za Wakerewe ili azifundishe katika mada ya fasihi simulizi, anategemea kabisa maneno ambayo mtu fulani aliyaandika au hakuyaandika siku ya kuwasilisha.

3.0 Mswada wa Kitereza: kuhifadhiwa bila kufikishwa

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Jitihada za awali za kuichapisha hazikufanikiwa. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikatolewa na Tanzania Publishing House kwa mwaka wa 1980 ikiitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki dunia mwaka 1981. Kati ya kukamilika kwa mswada na kutoka kwa kitabu ilipita miaka 35.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha masikitiko, na ni haki isimuliwe hivyo. Kwa mjadala wetu ina funzo jingine. Katika miaka hiyo 35 mswada haukupotea. Ulikuwapo, ulikuwa kamili, na walikuwapo watu waliojua thamani yake. Uhifadhi haukuwa na dosari. Kilichokosekana ni njia ya kuutoa mahali ulipokuwa na kuufikisha kwa wasomaji. Ubora haukuwa tatizo pia, kwa sababu mara riwaya ilipopata njia ilifika mbali. Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota.

Je, njia ilifunguliwaje? Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe. Hartwig alikuwa akitafiti historia ya Wakerewe, utafiti ambao baadaye ulizaa kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu katika karne ya 19. Kwa mtafiti wa historia, mzee Kitereza alikuwa mtu wa kuulizwa: mjuzi wa nasaba, mila na masimulizi ya kisiwa. Kwa istilahi ya tasnifu zetu, alikuwa mtoa taarifa. Angeweza kubaki katika nafasi hiyo, akatajwa katika orodha ya waliohojiwa kwa jina, umri na kijiji.

Hartwig na mkewe walifanya jambo tofauti. Mwaka 1972 walichapisha katika jarida la Research in African Literatures makala yaliyomtambulisha Kitereza kuwa mwandishi wa riwaya. Wakati huo riwaya yenyewe ilikuwa bado miaka 8 kabla ya kuchapishwa. Makala yale yalifanya kile ambacho rekodi nzuri ya maktaba hufanya: yaliutangazia ulimwengu kwamba kazi ipo, yakamtaja mtunzi, lugha na mahali. Yalimtoa Kitereza kwenye orodha ya waliohojiwa na kumweka kwenye orodha ya watunzi. Mtu yule yule, kijiji kile kile, lakini kisanduku tofauti.

Riwaya yenyewe ina fikra yake kuhusu makabidhiano, na mhakiki hapaswi kuipita. Bugonoka anachukuliwa na ndugu zake kwa sababu hajapata mtoto. Myombekere anapotaka kumrudisha, haitoshi kwamba anampenda wala kwamba mke mwenyewe yuko tayari. Lazima aende ukweni, azungumze mbele ya watu wanaohusika, na atimize sharti la pombe ya ndizi. Kitereza anatumia kurasa nyingi kueleza nani alikaa wapi, nani alisema nini na nani alishuhudia. Msomaji wa leo anaweza kuona kurasa hizo ni ndefu kupita kiasi. Urefu huo una maana: katika jamii inayosimuliwa, kitu hakihami kutoka mikono hii kwenda mikono ile bila majina ya wanaotoa na wanaopokea. Hata anwani ya kitabu ni orodha ya watu wanne wa nyumba moja.

4.0 Tasnifu mbili za Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, na alifariki dunia mwaka 2020. Anafahamika kwa riwaya na mashairi yake, lakini aliandika pia tasnifu mbili. Ya kwanza ni ya uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976, yenye anwani Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya. Ya pili ni ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, iliyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi.

Tasnifu ya pili hurejelewa mara kwa mara na wahakiki wanaoandika kuhusu Nagona (1990) na Mzingile (1991), kwa sababu ndani yake Kezilahabi alieleza kwa nadharia mambo aliyokuja kuyatenda katika riwaya hizo. Ni nadra kwa tasnifu kuwa na maisha ya namna hiyo. Sehemu ya maelezo ni uzito wa fikra zake. Sehemu nyingine ni utaratibu wa maktaba. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na desturi ya kupeleka tasnifu zao katika kampuni ya University Microfilms, mjini Ann Arbor. Huko zilihifadhiwa katika filamu ndogo, muhtasari wake ukachapwa katika orodha iliyosambazwa kwa maktaba za dunia, na yeyote aliyetaka nakala aliweza kuiagiza kwa barua. Tasnifu ilikuwa na rekodi, na rekodi ilisafiri.

Tasnifu ya mwaka 1976 haikuwa na utaratibu kama huo nyuma yake. Katika enzi ya karatasi, mwanafunzi wa Mwanza aliyetaka kujua mwandishi wa Rosa Mistika alimhakiki vipi Shaaban Robert ilimpasa asafiri zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mlimani. Kwa hiyo, kazi mbili za mwana mmoja wa Ukerewe zilipata bahati mbili tofauti. Ile iliyoandikwa mbali na ziwa, kwa lugha ya mbali, ilikuwa rahisi zaidi kupatikana kuliko ile iliyoandikwa nchini.

Baadhi ya wasomi huchukulia hali hiyo kuwa ushahidi kwamba Kiingereza ndicho kinachoifikisha kazi. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Kilichoifikisha tasnifu ya Madison ni orodha, muhtasari na utaratibu wa kuagiza. Vitu hivyo havina lugha maalumu. Leo maktaba ya chuo cha Tanzania yenye mkusanyiko wa mtandaoni inavyo vyote vitatu, na faili lenyewe hufunguka papo hapo. Kama tasnifu ya Kiswahili bado haionekani, sababu itafutwe katika namna ilivyoelezwa, si katika lugha iliyoandikiwa.

5.0 Anwani za tasnifu na mahali palipopotea

Msomaji wa tasnifu za Kiswahili anazifahamu anwani zetu. Nyingi huanza na kitenzi cha lengo: kuchunguza, kutathmini, kulinganisha, kubainisha. Hufuata neno la kinadharia, kama dhamira, usawiri, mtindo au tamathali, kisha jina la kitabu na la mwandishi. Umbo hili lina faida yake. Linamlazimisha mwanafunzi aseme anachotafuta na linampa mtahini kipimo. Tatizo huanza pale anwani hiyo inaposimama peke yake katika orodha ya matokeo, kati ya nyingine 30 zilizojengwa kwa umbo hilo hilo.

Tuchukue Rosa Mistika (1971) kama mfano. Familia ya Rosa inaishi Namagondo, Ukerewe, na Rosa mwenyewe anasoma Mwanza. Umbali kati ya kisiwa na mji, na kati ya mamlaka ya baba na uhuru wa bweni, ndio unaoendesha riwaya. Tasnifu inayochunguza usawiri wa mwanamke katika riwaya hiyo ikipewa maneno msingi matatu, yaani mwanamke, usawiri na riwaya, haitakuwa imesema uongo. Itakuwa imeiondoa riwaya mahali ilipo. Anayetafuta fasihi ya Ukerewe hataipata, na anayetafuta usawiri wa mwanamke ataipata pamoja na mamia ya kazi nyingine ambazo hazitofautiani nayo kwa jina.

Madhara yake hurudi chuoni. Sura ya pili ya kila tasnifu humtaka mtahiniwa apitie kazi tangulizi na aoneshe pengo la utafiti. Pengo hilo hupimwa kwa kile kinachopatikana. Kazi zilizotangulia zikiwa na rekodi hafifu, mtahiniwa hutangaza kwa nia njema kwamba suala lake halijashughulikiwa, wakati tasnifu iliyolishughulikia imelala katika mkusanyiko wa chuo jirani, au wa chuo chake mwenyewe. Hivyo tunapata tasnifu nyingi juu ya vitabu vichache, zikirudia maswali yale yale, huku kila moja ikiamini kwamba ni ya kwanza. Lawama hutupiwa watahiniwa kwamba ni wavivu wa kusoma. Wengi wao walisoma kila walichoweza kukipata.

Ikisiri nayo ina nafasi yake katika hili. Ikisiri nyingi hutaja lengo kuu, malengo mahususi, nadharia, mbinu za kukusanya data na idadi ya watafitiwa, kisha humalizia kwa sentensi moja kwamba matokeo yameonesha kuwapo kwa dhamira mbalimbali. Msomaji anaambiwa utafiti ulivyofanywa, lakini haambiwi kilichopatikana. Katika ukurasa wa karatasi kasoro hiyo ilivumilika, kwa kuwa msomaji alikuwa tayari ameshika kitabu mkononi. Mtandaoni ikisiri ndiyo mlango, na wengi huishia hapo.

6.0 Viambatisho na wenye maneno

Tasnifu za Kanda ya Ziwa zinazohusu fasihi simulizi zina utajiri ambao mara nyingi hauko katika sura zinazotahiniwa. Uko nyuma, katika viambatisho: matini kamili za nyimbo, ngano, methali, majigambo, na mahojiano na wazee. Sura ya nne huchukua beti chache kuthibitisha hoja. Viambatisho hubeba wimbo mzima. Baada ya miaka 20 nadharia iliyotumika katika sura ya pili inaweza kuwa imechakaa, lakini wimbo wa kilimo uliorekodiwa Magu au Kwimba utakuwa bado unahitajiwa, pengine na wajukuu wa aliyeuimba.

Wasukuma wana historia ndefu ya ushindani wa ngoma kati ya Bagika na Bagalu, na ya nyimbo za kilimo zinazoandamana na ngoma kama bugobogobo. Katika utamaduni huo jina la mtunzi ni jambo zito, kwani watunzi hushindana kwa majina yao na hukumbukwa kwa majina yao. Frank Gunderson alipochapisha mwaka 2010 mkusanyiko wake mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma, aliweka maandishi ya Kisukuma pamoja na tafsiri. Kitabu hicho ni cha Kiingereza na kilichapishwa Leiden. Nyaraka nyingi za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyekusanya habari za mila za Wasukuma, ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maneno ya ziwa yana desturi ya kuondoka ziwani. Mkusanyiko wa mtandaoni ni nafasi ya kwanza kwa maneno hayo kuweza kusomwa Misungwi na Leiden siku moja.

Nafasi hiyo hupotezwa kwa namna tatu. Kwanza, viambatisho havitajwi katika rekodi, hivyo hakuna anayejua kwamba tasnifu yenye anwani ya kinadharia ina nyimbo 40 nyuma yake. Pili, nyimbo zikitafsiriwa kwa Kiswahili, matini ya lugha asilia wakati mwingine huachwa ili kupunguza kurasa, na tasnifu hubaki na kivuli cha wimbo. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, aliyeimba hupotea.

Hebu tusome kurasa za mwanzo za tasnifu kama matini. Ukurasa wa tamko unasema kwamba kazi ni ya mtahiniwa mwenyewe. Ukurasa wa hakimiliki unasema kwamba hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote bila idhini ya mwandishi au ya chuo. Ukurasa wa shukurani unamtaja msimamizi kwa jina na cheo, wahadhiri kwa majina, mwenzi wa ndoa na watoto kwa majina, kisha unawashukuru wazee wa kijiji kwa ushirikiano wao. Wazee hao ndio waliotoa maneno yote yaliyo katika viambatisho. Katika ukurasa wa hakimiliki hawamo, na katika shukurani wamo kwa wingi usio na majina. Hakuna aliyekusudia kuwafuta. Umbo la kurasa hizo ndilo linalofanya hivyo, kwa kuwa limerithiwa kutoka taaluma ambazo mtafitiwa ni sampuli.

Kitereza anatusaidia hapa tena. Kama mwaka 1968 angekuwa ameandikwa katika tasnifu fulani kuwa Mtafitiwa Na. 7, mwanaume, umri miaka 72, taarifa hiyo ingekuwa sahihi kabisa, na isingemsaidia msomaji yeyote kujua kwamba mtu huyo alikuwa na riwaya nyumbani.

7.0 Hoja za kupinga

Hoja ya kwanza ya kupinga ni ya maadili. Maadili ya utafiti hutufundisha kuficha utambulisho wa watafitiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa wajibu huo. Hoja hii ni ya kweli, na kuna tasnifu ambazo kutaja jina ndani yake kungekuwa hatari: zinazohusu ugonjwa, ukatili wa nyumbani, au tuhuma za uchawi, ambazo katika Kanda ya Ziwa zimewahi kugharimu maisha ya vikongwe. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya mtu aliyetoa maoni au siri ya maisha yake na mtu aliyetoa sanaa yake. Wa kwanza hulindwa kwa kufichwa. Wa pili, akifichwa bila kuulizwa, ananyang'anywa. Njia ya kutofautisha ni fomu ya ridhaa yenye swali moja la ziada: je, ungependa jina lako litajwe pamoja na wimbo wako?

Hoja ya pili ni kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii, hivyo kumtaja mwimbaji mmoja ni kumpa umiliki asiokuwa nao. Ni kweli pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi kwa namna tofauti na kazi za mtunzi binafsi. Lakini kutaja si kumilikisha. Rekodi inaweza kusema kwamba wimbo ni wa jadi ya Wakerewe, na kwamba uliimbwa na fulani, Murutunguru, mwaka fulani. Anayedai kwamba wimbo ni wa wote, kisha akaandika jina lake peke yake kwenye jalada, ana jambo la kujieleza.

Hoja ya tatu inahusu yale yasiyopaswa kuwa wazi. Vyama vya ngoma vina dawa na maneno ambayo hayatolewi kwa asiye mwanachama. Hapa makala haya yanakubaliana na wapingaji. Uwazi wa mtandaoni hauna mipaka ya kijiji, na mzee aliyekubali kumwimbia mtafiti mmoja sebuleni hakukubali kwa hilo kuuimbia ulimwengu. Programu za maktaba huruhusu kufunga faili moja, au kuliwekea zuio la muda, huku rekodi ikibaki wazi. Viambatisho vinaweza kuwekwa katika faili la pekee lenye masharti yake. Vivyo hivyo, mtahiniwa anayekusudia kuchapisha kitabu anaweza kuchelewesha faili bila kuificha rekodi. Kinachofaa kuepukwa ni hali ya sasa, ambapo faili huwa wazi lote bila kuulizwa na rekodi huwa tupu bila kukusudiwa.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba mswada wa Kitereza ulihifadhiwa miaka 35 bila kumfikia msomaji, na kwamba sehemu ya kilichoufungulia njia ni maandishi mafupi yaliyomtaja mtunzi kwa jina, lugha na mahali. Yameonesha pia kwamba tasnifu mbili za Kezilahabi zilitofautiana bahati kwa sababu ya utaratibu wa orodha kuliko kwa sababu ya lugha. Kutokana na hayo, yanapendekezwa yafuatayo:

(a) Rekodi ya mtandaoni iandikwe na mtahiniwa pamoja na msimamizi kabla ya sahihi ya mwisho, na isomwe na mtahini kama sehemu ya kazi.

(b) Maneno msingi yajumuishe angalau jina moja la mahali, lugha zote zilizomo katika matini, na jina la utanzu kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyewe.

(c) Ikisiri iseme kilichopatikana, na itaje aina na idadi ya matini zilizo katika viambatisho.

(d) Matini ya lugha asilia iwekwe kila mara sambamba na tafsiri yake ya Kiswahili.

(e) Waimbaji, watambaji na wasimulizi walioridhia waandikwe katika kisanduku cha mchangiaji, na ukurasa wa hakimiliki uongezewe sentensi inayotambua kwamba matini za viambatisho ni zao au za jamii zao.

(f) Nakala iliyochapwa ya viambatisho irudishwe mahali vilipotoka, katika shule au ofisi ya kata, kwa kuwa walioimba wengi hawatafuti kwa simu.

Pendekezo la mwisho linahitaji karatasi chache na nauli ya basi au ya kivuko. Mengine yote yanahitaji saa moja ya kazi katika siku ambayo mtahiniwa angetamani kuwa amemaliza. Kwa upande wa tasnifu zilizokwisha kuwasilishwa, rekodi za EPrints na DSpace zinaweza kurekebishwa na maktaba bila kugusa faili lenyewe. Idara za Kiswahili zinaweza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili zoezi la kusoma tasnifu moja ya eneo lao, pamoja na viambatisho vyake, na kuiandikia rekodi mpya. Zoezi hilo lingewafundisha kuhakiki, lingewaonesha kazi tangulizi zilizopo kweli, na lingerudisha majina ya watu ambao bado wako hai kuyasoma.